Ugali wa Polenta na Taco ya London

Wakenya wanaoishi Ulaya wana hukumu moja wanayoitoa hata kabla sahani haijafika mezani: chakula cha Meksiko kinachouzwa huko ni bandia. Ukitaka taco ya kweli, utaambiwa, panda ndege uende Mexico City. Hizi za London, Berlin na Oslo ni mchezo wa Wazungu, jibini tele na mchuzi wa chupa. Hukumu hiyo ina pacha wake, anayesemwa kwa sauti ya upole zaidi: basi afadhali mtu abaki na chakula chake halisi, ugali na mboga, nyama na maziwa, kwa sababu hicho angalau anajua kilikotoka. Vijana wa Bomet na Kericho wanaokwenda kuuguza wagonjwa Uingereza, kusoma Ufini, au kutafuta kazi Ujerumani baada ya mkataba uliotiwa saini Berlin Septemba 2024, huondoka na imani hiyo mzigoni, na wengi hurudi nayo ikiwa imenenepa. Inasikika kama heshima kwa utamaduni wa wengine, na ndiyo maana haipingwi. Mimi naipinga. Ni ya uongo pande zote mbili, na ubaya wake mkubwa ni kwamba inamnyang'anya mla ugali haki ya kuhukumu chakula ambacho yeye, kuliko wengi wa wale anaoketi nao mkahawani, ana msingi wa kukihukumu.

Tuanze na huo ugali. Mogogosiek, katika eneobunge la Konoin, kaunti ya Bomet, inajulikana kwa chai: mashamba yanayoteremka hadi ukingo wa barabara, vituo vya kununulia majani, kiwanda, na bonasi ya mwisho wa mwaka wa chai ambayo familia huipangia matumizi kabla haijatangazwa. Hata hivyo, katikati ya chai hiyo watu wameacha vipande vya mahindi, kwa kuwa hakuna anayeshiba majani. Mahindi hayo hayakuwako enzi za mababu. Kimnyet, yaani ugali, ya Wakipsigis wa kale wa huku ilikuwa ya wimbi, ya rangi ya udongo, nzito mkononi, na ilisindikizwa na maziwa na mboga za porini. Mahindi yalifugwa na wakulima wa kusini mwa Meksiko, katika bonde la mto Balsas, takriban miaka 9,000 iliyopita, kutokana na nyasi ya mwituni iitwayo teosinte ambayo ukiiona leo hutaamini kuwa ni babu wa muhindi. Wareno waliyafikisha katika pwani za Afrika karne ya 16. Huku nyanda za juu yalichukua uwanja baadaye sana, wakati wa ukoloni, na mbegu nyeupe tunayoijua ilipitia Afrika Kusini mikononi mwa walowezi. Yaliishinda wimbi kwa sababu za kawaida kabisa: muhindi umevikwa maganda ambayo ndege hawayapenyi kirahisi, kwa hivyo mtoto hahitaji kushinda shambani akifukuza ndege, magunia yake yalikuwa na mnunuzi, na mashine ya posho iliufanya unga wake kuwa kazi ya dakika chache. Mwaka wa 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa mbegu ya H611, chotara wa mahindi ya Kitale na mahindi yaliyoletwa kutoka Ekuador. Kwa hiyo hata baada ya uhuru, ugali wetu halisi uliendelea kuchota damu kutoka Amerika.

Na si historia ya kale tu. Septemba 2011, wakulima wa Longisa, hapo hapo Bomet, waliona mahindi yao yakigeuka manjano kuanzia kingo za majani kuingia ndani, mimea ikikauka kabla ya wakati na magunzi yakitoka bila punje. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa wa MLN, unaosababishwa na virusi viwili vinavyoshambulia kwa pamoja, kuripotiwa Kenya. Baadaye ulienea katika nchi jirani. Wakulima waliambiwa wasipande mahindi juu ya mahindi, wajaribu viazi na mazao mengine, na wang'oe mimea iliyougua. Tiba ya kudumu ilitafutwa wapi? Taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya ilishirikiana na CIMMYT, kituo cha kimataifa cha mahindi na ngano chenye makao yake Texcoco, nje kidogo ya Mexico City, na mwaka wa 2013 wakafungua Naivasha shamba la kupimia mbegu zinazostahimili ugonjwa huo. Mtu wa Bomet anayeketi mkahawani Leeds na kusema kwamba mahindi ya Kimeksiko ni mambo ya kigeni, huenda ugali wa mama yake umeokolewa na watu wanaolipwa mshahara Texcoco.

Kuna ushahidi wa pili, na huu uko jikoni mwa Wakenya wenyewe huko ughaibuni. Unga mweupe wa mahindi wa kwetu hupatikana Ulaya, lakini kwa bei ya kuumiza na hasa katika maduka ya miji mikubwa. Kwa hiyo watu husonga ugali kwa kile kilichopo: polenta ya Kiitaliano ambayo ni ya manjano, semolina ya ngano, au unga wa mahindi uliotengenezewa watu wa Kolombia na Venezuela. Wengine hununua kwa makosa ule unga wa Kimeksiko wa kutengenezea tortilla, na hushangaa ugali ukinukia chokaa na kukataa kushikana wanavyotaka. Lakini hakuna anayeusukuma kando ugali wa polenta na kutangaza kuwa ni bandia. Huulizwa: umeiva? Umekazwa sawasawa? Una madonge? Ukipita mtihani huo, watu hunawa mikono. Ikiwa mwali wa Konoin anayeishi Torino anaweza kusonga ugali kwa unga wa Waitaliano na ukabaki ugali, ni kwa sheria gani Mmeksiko anayeishi Copenhagen anyimwe ruhusa hiyo hiyo?

Wenye imani hii hujibu kwamba Meksiko ni tofauti, kwamba wenzetu wana mapishi ya kale sana, yaliyotambuliwa hata na UNESCO mwaka wa 2010. Ni kweli yalitambuliwa. Lakini ukiangalia kilichomo mezani Meksiko, utapata soko zima la dunia. Nguruwe, ng'ombe, kuku, ngano, mchele, vitunguu na ndimu vililetwa na Wahispania baada ya kuiangusha milki ya Waazteki mwaka wa 1521. Taco al pastor, ile ya nyama ya nguruwe inayochomwa kwenye chuma kinachozunguka na kukatwa vipande vyembamba, ambayo watalii huifuata Mexico City kama hija, ni mjukuu wa shawarma iliyokwenda na wahamiaji kutoka Lebanoni. Nachos zilianza miaka ya 1940 katika mji wa mpakani wa Piedras Negras, pale Ignacio Anaya alipowatayarishia wanawake Wamarekani kitafunio cha haraka. Mchuzi mzito wa mole wa mji wa Puebla una mdalasini na karafuu, viungo vya Asia. Na kwenye vibanda vya vinywaji baridi huko, viwili kati ya vile vipendwavyo zaidi ni maji ya ukwaju na maji mekundu ya rozela. Yote mawili asili yake ni Afrika. Mtu wa Mombasa au Dodoma angevinywa bila kuuliza. Kama usafi wa asili ndio kipimo, basi Meksiko yenyewe haina chakula cha Kimeksiko.

Hapa ndipo mpinzani makini atanikamata, na ana haki. Atasema: ukishabomoa uhalisi, umebakiza nini? Basi kila kitu ni sawa. Ganda gumu la dukani lililojazwa nyama ya kusaga na mahindi ya mkebe ni taco sawa na ile ya Oaxaca kule Meksiko, na tusilalamike. Hapana. Nimebomoa kipimo cha mahali tu. Ujuzi bado umesimama, nao ndio wa kuulizia.

Ujuzi ulio moyoni mwa chakula cha Meksiko ni wa mahindi, na unastahili kuangaliwa kwa karibu na watu wanaoyala kila siku. Mahindi makavu hutiwa kwenye maji yaliyochanganywa na chokaa ya kulika, yakachemshwa polepole bila kurojeka, kisha yakaachwa humo usiku kucha. Asubuhi maji yamekuwa ya manjano, na ukisugua punje kwa vidole, ganda la nje linateleza na kutoka. Mahindi hayo huitwa nikstamali. Huoshwa, na husagwa yakiwa bado na unyevu, zamani kwa jiwe juu ya jiwe, siku hizi kwa mashine yenye mawe ya volkeno. Kinachotoka ni donge na si unga: laini, lenye harufu ya mvua iliyoangukia ardhi kavu. Huvingirishwa, hugandamizwa likawa duara jembamba, na hutupwa juu ya bamba la moto lisilo na mafuta. Likigeuzwa kwa wakati wake hufura katikati, likipumua: hiyo ndiyo tortilla. Jaribu kufanya hivyo kwa unga wetu wa posho na maji, uone. Litapasuka kingo na kumomonyoka. Chokaa ndiyo iliyobadilisha punje kutoka ndani, ikalegeza ganda na kulifanya donge lishikane. Kuondoa ganda la muhindi si jambo geni kwetu: Wakamba hutwanga mahindi wakapata muthokoi, na makande ya Tanzania huanza kwa kukoboa. Tofauti ni kwamba kwetu ganda huondolewa kwa mchi. Kemia ya chokaa haikuvuka bahari.

Na kutovuka kwake kuliua watu. Wazungu walipochukua mahindi kutoka Amerika walichukua punje wakaacha chokaa. Mahindi yasiyopitia chokaa huifungia vitamini iitwayo niasini mahali ambapo mwili hauwezi kuifikia. Mtu maskini asiye na maziwa, nyama wala kunde, akila mahindi matupu mwaka mzima, hupata pelagra: ngozi inachubuka palipopigwa na jua, tumbo linaharisha, akili inavurugika. Daktari Mhispania Gaspar Casal aliueleza ugonjwa huo Asturias katika miaka ya 1730, na uliwatesa wala polenta wa kaskazini mwa Italia kwa vizazi. Afrika nayo imeuonja. Mwaka wa 1990 ulizuka miongoni mwa wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi wakiishi kwa posho ya mahindi. Mogogosiek imenusurika kwa sababu pembeni mwa ugali kuna maziwa, maharagwe na sukuma wiki. Kwa hiyo anayetafuta mahali ambapo chakula cha Meksiko kiliharibika kilipofika Ulaya, jibu lipo na lina umri wa karne kadhaa: kiliharibika pale mapishi yalipoachwa nyuma ya zao. Meza ya mkahawa wa leo haikuanzisha kosa hilo. Baadhi ya mikahawa, kwa kweli, ndiyo inayolirekebisha.

Angalia mifano. Mwaka wa 2015 Rosio Sanchez, aliyezaliwa Chicago na wazazi Wameksiko na kufanya kazi ya vitamutamu katika mkahawa wa Noma, alifungua kibanda cha taco Copenhagen na kuanza kupika mahindi kwa chokaa katika mji ambao baridi yake haina uhusiano wowote na Oaxaca. London, mpishi Mmeksiko Santiago Lastra alifungua Kol mwaka wa 2020 kwa msimamo wa ajabu: mahindi na pilipili kavu vije kutoka Meksiko, lakini mengi ya mengine yatoke Uingereza. Matokeo yake ni mkahawa wa Kimeksiko usiotumia parachichi wala ndimu. Uchachu anautafuta katika matunda ya vichaka vya huko. Kwa kipimo cha asili, huo ni upotovu mtupu. Kwa kipimo cha ujuzi, huo ni mkahawa wa Kimeksiko kuliko maelfu ya wengine wenye kofia pana ukutani na bakuli la guacamole, kwa sababu tortilla yake imefanyiwa kazi inayostahili. Waliopewa jukumu la kuukagua wameupa nyota ya Michelin, ingawa sioni sababu ya mtu wa Konoin kungoja nyota ndipo aamini ulimi wake.

Upande wa pili kuna Norwei, ambako Ijumaa jioni familia nyingi hula taco kama ibada. Nyama ya kusaga, kiungo cha pakiti, matango yaliyokatwakatwa, mahindi ya mkebe, krimu chachu, vyote ndani ya ganda gumu au chapati ya ngano kutoka rafu ya duka. Wengi wa Wakenya wanaosema taco ya Ulaya ni bandia wanafikiria sahani hii. Mimi siiiti bandia. Ni chakula cha Kinorwei, kilichofika miaka ile ambayo watu walianza kula pamoja Ijumaa bila kupika sana, na kinafanya kazi hiyo vizuri. Watoto hukipenda, na mgeni kutoka Kericho aliyekaribishwa kwenye meza hiyo amekaribishwa hasa. Kosa lake ni dogo na linaelezeka: mahindi yake hayana kazi ndani yake. Sema hivyo, na umesema jambo ambalo mpishi anaweza kulijibu. Ukisema ni bandia, umefunga mjadala bila kusema kitu.

Nirudi kwenye parachichi, kwa sababu hapa ndipo imani ya asili inapojikwaa vibaya zaidi. Meksiko ndiyo mzalishaji mkubwa kuliko wote wa parachichi duniani, lakini sehemu kubwa ya mauzo yake ya nje humezwa na jirani yake Marekani. Ulaya hutegemea zaidi wengine, wakiwemo Peru, Afrika Kusini na Kenya, na shehena nyingi huingilia bandari za Uholanzi. Kwetu, miche ya parachichi ya aina ya Hass imepenya nyanda za juu hadi nchi ya chai. Wakulima wa Kericho na Bomet wameipanda pembeni mwa majani wakitafuta kipato ambacho hakitegemei mnada wa chai wa Mombasa. Basi fikiria mnyororo wenyewe. Tunda lenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati, la aina iliyoanzia bustanini kwa tarishi mmoja wa California, Rudolph Hass, aliyeisajili mwaka wa 1935, linachumwa Kenya, linashushwa Rotterdam, linapondwa na ndimu na pilipili jikoni Antwerp. Kisha kijana wa Bomet anapewa bakuli hilo na kusema, mimi sili vitu vya kigeni vya kughushi. Huenda ni jirani wa baba yake aliyelikagua kwa kidole.

Kuna pingamizi zito zaidi kuliko hayo, nalo ni la wizi. Watasema: suala si ladha, ni nani anafaidika. Kampuni za Ulaya na Marekani zinauza taco za pakiti, na mkulima wa Chiapas kule Meksiko hapati senti. Old El Paso ni mali ya General Mills ya Marekani. Santa Maria, inayouza vifaa vya taco kote Skandinavia, ni ya Paulig ya Ufini. Pingamizi hili nalichukulia kwa uzito, na wakulima wa chai wanalielewa bila kufundishwa. Kenya inaongoza duniani kwa kuuza nje chai nyeusi, na sehemu kubwa huondoka kwa magunia, ikaenda kuchanganywa na kufungwa katika pakiti zenye majina ya Kiingereza. Faida nono hubaki huko pakiti inakofungwa. Lakini tazama jinsi wakulima hao wanavyolalamika kila mwaka bonasi inapotangazwa. Wanadai bei. Wanauliza kwa nini viwanda vya upande huu wa Bonde la Ufa hulipa kidogo kuliko vya mlima Kenya. Hakuna aliyewahi kuandamana akidai kwamba chai inayonywewa Manchester ni bandia. Wanajua ugomvi wao ni wa fedha, na wanaupigana kama ugomvi wa fedha.

Wakipsigis hasa wanajua namna ya kutenganisha mambo hayo mawili, kwa kuwa zao lao kuu lilikuja pamoja na dhuluma. Kampuni za Waingereza zilipoanza kupanda chai Kericho miaka ya 1920, watu walipoteza ardhi ya mababu, na kuanzia mwaka wa 1934 ukoo wa Talai ulihamishwa kwa nguvu hadi Gwassi, penye mbung'o na malaria. Madai ya ardhi hiyo yanaendelea hadi leo na ni ya haki. Katika madai hayo yote hakuna anayetaka mche wa chai urudishwe Assam, wala anayekataa kikombe cha chai ya maziwa kwa sababu Wakipsigis wa kale hawakuijua. Dhuluma iliyoleta kitu ina mashtaka yake. Kitu chenyewe, kikishaota mizizi jikoni kwa watu, ni chao. Vivyo hivyo, ukitaka kumtetea mkulima wa Chiapas, uliza mkahawa umenunua wapi mahindi yake na kwa bei gani. Na usidhani kuwa ukaribu na nyumbani ni dawa. Gruma, kampuni ya Monterrey inayotengeneza unga wa Maseca, ni ya Wameksiko, na bado Wameksiko wengi huilaumu kwamba unga wake wa viwandani umezifanya tortilla za nchi nzima kuwa na ladha moja ya kadibodi. Tortilla mbaya inapatikana Mexico City bila kuhitaji viza.

Pingamizi la mwisho ninalolijali ni lile ambalo mtu wa Mogogosiek angelitupa kwa kujiamini, akijua limenifikia: na mursik je? Ungekubali kunywa mursik iliyotengenezwa Minneapolis na Mzungu? Swali zuri. Mursik ni maziwa yaliyogandishwa ndani ya sotet, kibuyu ambacho ndani yake husuguliwa kwa kijinga cha moto cha mti maalumu, kama senetwet, hadi makaa yapake kuta na kuyapa maziwa ile rangi ya buluu-kijivu na harufu ya moshi. Kisha hufunikwa na kuachwa siku kadhaa. Sasa chukua vitu viwili. Cha kwanza ni maziwa ya dukani ya Minneapolis, yaliyotiwa katika kibuyu kilichosafirishwa na shangazi, kikasuguliwa kwa kijinga na kutunzwa kwa subira. Cha pili ni mala ya kawaida iliyokorogewa unga wa makaa ndani ya chupa ya plastiki, ikauzwa stendi ya Bomet kwa wasafiri wenye haraka. Kipi ni mursik? Sijui mzee hata mmoja wa Konoin ambaye angehitaji kufikiri. Angekinusa, akaonja, akachagua cha kwanza, na asingeuliza aliyekisugua kibuyu alizaliwa wapi isipokuwa kwa udadisi. Kwa chakula chetu wenyewe tunahukumu kwa kazi. Ni kwa chakula cha wengine tu ndipo tunapokimbilia cheti cha kuzaliwa, kwa sababu kazi hatujaijua na cheti ni rahisi kukisoma.

Basi kazi ijulikane, haina ugumu. Mla ugali anayeingia mkahawa wa Kimeksiko Ulaya ana swali moja la kumuuliza mhudumu: tortilla zenu zinatengenezwa hapa, na kutokana na kitu gani? Akijibiwa kwamba mahindi hupikwa na chokaa na kusagwa hapo hapo, bei kubwa ya taco tatu ndogo ina sababu. Akijibiwa kwamba ni unga wa masa, ule wa Kimeksiko wa dukani, uliokandwa asubuhi, hiyo ni kazi ya heshima. Akijibiwa kuwa zinatoka kwenye katoni, ale kama ana njaa, lakini asilipe bei ya nikstamali. Kisha atumie alichonacho. Amekua akila mahindi ya kuchoma, ya kuchemsha, mabichi yaliyosagwa na makavu yaliyokobolewa. Anajua unga uliokaa sana, anajua unga wa posho kwa harufu na kuutofautisha na wa pakiti akiwa amefumba macho. Waonjaji wa chai wa Mombasa hawakuzaliwa na ulimi wa pekee. Walizoezwa kuvuta kijiko kwa kishindo, kutema, na kusema neno moja sahihi kuhusu kilichomo kikombeni. Mtu aliyezoezwa na mahindi maisha yake yote anapoambiwa na rafiki Mzungu kwamba yeye hawezi kujua, ashukuru kwa adabu na aonje mwenyewe.

Wala sioni kwa nini jambo hili liwe la Ulaya pekee. Wameksiko hupendelea mahindi meupe kwa tortilla, kama sisi kwa ugali. Ya manjano wanayoyaagiza kwa wingi kutoka Marekani huishia zaidi kwa mifugo. Punje inayohitajika imejaa maghalani hapa, maharagwe yapo, parachichi zinaanguka zenyewe, nyanya, dania na pilipili huuzwa kila siku ya soko. Najua watakaosema hakuna mtu mjini Litein atakayenunua. Walisema nini kuhusu chapati? Iliingia kwa mikono ya Wahindi wa enzi za reli, na mjini Kericho Masingasinga wana gurdwara kubwa ambayo hadi leo humlisha yeyote anayeingia. Leo sherehe ya Krismasi Mogogosiek bila chapati ni manung'uniko ya watoto hadi jioni. Hoteli ya kando ya barabara yenye jiko la kuni na bamba la chapati tayari ina nusu ya vifaa vya tortilla. Inahitaji mashine ya kusagia mahindi yaliyolowa, chokaa ya kulika, maana ile ya duka la vifaa vya ujenzi si ya kuweka kwenye chakula, na mpishi aliye tayari kuloweka leo ili auze kesho.